Folda Iliyoitwa Kiwimbi

Kamusi ya miaka kumi na moja ilikuwa imetoweka. Profesa Hédi Triki, mkusanyaji wa maneno ya wakamuaji zeituni wa mji wa Sfax, aliketi ofisini kwake akiikodolea macho kompyuta. Folda yake ya nyumbani, inayohifadhi kazi zake zote, ilikuwa tupu.

"Ni Mourad huyo, mhadhiri mwenzangu," alisema. "Tunagombea cheo kimoja."

Inspekta Rim Chelly alimgeukia Sajenti Wajdi, mtaalamu wa kompyuta, aliyekuwa akipekua kumbukumbu za mashine.

"Mourad hajagusa hapa, Afande. Amri ya kufuta ilitolewa jana saa nne asubuhi. Aliyeingia ni Ines Gargouri."

Ines alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Profesa. Ndiye aliyemtengenezea programu ya kuandikia, inayotumika kwenye kompyuta za aina zote. Alipoitwa, alifika macho yakiwa mekundu.

"Jana saa nne ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Hapa."

"Ukifanya nini?"

Ines aliitazama kompyuta ya Profesa.

"Binti, anayetuhumiwa sasa hivi ni Mourad."

Ines akaangua kilio.

"Ni mimi! Alama hii ya kiwimbi, ~, kwenye kompyuta hii maana yake ni folda ya nyumbani. Programu yangu haikuitambua. Ikaunda folda mpya, ikaiita kiwimbi. Nilipoiona nikataka kuiondoa kabla Profesa hajajua. Nikaandika: futa ~. Kompyuta ikafuta folda nzima ya nyumbani."

"Mbona hukusema?"

"Wenzake Profesa walimcheka kwa kuniamini. Ningewaambia nini?"

Wajdi aliinua kichwa. "Profesa, programu hii unayo pia kwenye laptopu yako?"

"Ninayo. Ilipaswa kuweka nakala za akiba kwenye folda ya nyumbani, lakini sizioni kule."

"Lete."

Kosa lilikuwa lile lile. Ndani ya folda ya programu kulikuwa na nyingine, jina lake kiwimbi. Kamusi ilikuwemo, ya wiki tatu zilizopita.

Profesa aliisoma hadi chini.

"Imekosa maneno ya herufi ya mwisho tu," alisema. "Kesho uje mapema, Ines. Tutaiandika upya."

"Profesa, nisamehe."

"Yameisha, mwanangu. Inspekta, unataka kumshtaki?"

"Kwa kosa gani? Kwa kuona aibu?"

Mzee alichukua koti lake, akasimama mlangoni.

"Nimemtaja Mourad kwa polisi," alisema taratibu, "na hata simu sikumpigia kumuuliza. Ofisi yake iko ghorofa ya chini. Acheni niende mwenyewe."