Taa Iliyokataa Kuzimika

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilifurika, watu wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Fundi alifuata mita kumi za waya tu. Hapo ndipo alipomwona dada mmoja mwenye gauni la buluu na viatu vya kazi visivyo na kisigino, amekumbatia balbu sita na vipunguza mwanga vitatu kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Dada, samahani," Fundi alishindwa kujizuia. "Hizo hazipungui mwanga. Ukizifunga pamoja na hivyo vipunguza mwanga zitapepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga."

"Na wewe ni muuzaji?"

"Muuzaji asingekwambia."

Dada akacheka kicheko cha wazi. Muuzaji hakucheka.

Dada huyo alikuwa mfamasia. Mama yake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho na mwanga mkali ulimtesa, kwa hiyo alitaka taa ambazo mama angezipunguza kwa simu akiwa kitandani, pole pole, bila kuinuka. Fundi akamchagulia vifaa vinavyofaa, akaahidi kufika Jumatatu. Alisahau kununua waya wake.

Jumatatu alizima swichi kuu, akafungua swichi ya ukumbini, akavuta nyaya nje kwa ncha ya vidole. Zilikuwa mbili tu.

"Nilijua," akasema. "Nyumba za zamani hazina waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, kwenye swichi. Ndiyo maana nilikuchagulia aina hii inayofanya kazi bila huo waya."

"Na hivi vidude vyeupe?"

"Hivi vinakaa juu, kwenye taa yenyewe. Bila hiki, taa ukiizima haifi kabisa. Inabaki na mwanga kidogo, kama kaa chini ya jivu."

Akafunga ya ukumbini, akafunga ya sebuleni, Mfamasia akimshikilia ngazi na kumtania kwamba anaongea na nyaya kuliko anavyoongea na watu. Kufika chumbani kwa mama, taa ya tatu na ya mwisho, Fundi akahisi huzuni ya mtu anayemaliza sahani angali na njaa. Angefunga, angeaga, basi. Ndipo mwenzetu akafanya jambo ambalo kwalo aliyemfundisha kazi angemzaba kofi: kidude cha tatu akakitia mfukoni mwa shati. Mwanga ungebaki, dada angepiga simu, naye angerudi. Ni ujanja mdogo usiomdhuru mtu, alijiambia, na wengi wetu tumewahi kujiambia hivyo hivyo. Walipoijaribu taa ilikuwa saa sita mchana, mapazia wazi, hakuna aliyeona kitu.

Jioni simu ikalia.

"Fundi, kuna kitu umesahau."

"Kitu gani?"

"Kuniuliza kama nitakunywa chai na wewe kesho."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wiki mbili zikapita kwa chai, kwa matembezi ya jioni, kwa simu zisizo na ajenda. "Umekula, Mzee wa Swichi?" "Nimekula, Daktari." "Mimi si daktari." "Kwa maradhi yangu wewe ni daktari." Uongo wake sasa haukuwa na kazi tena, lakini kuutoa kulihitaji maelezo, na kila alipofungua mdomo alimwona anavyocheka, akaufunga. Kidude kilihama naye kutoka shati hadi shati.

Siku ya kumi na tano simu ilikuja na sauti kavu. "Njoo. Lete ngazi."

Ilikuwa mchana, lakini chumba cha mama kilikuwa giza, mapazia yamefungwa hadi ncha. Mama ameketi kitandani na miwani yake myeusi mkononi. Mfamasia amesimama mlangoni na koti lake jeupe la kazini.

"Tazama juu," akasema.

Fundi hakutazama. Alijua kilichopo.

"Kila akizima taa, Mama anaona mwanga. Akadhani jicho limeharibika. Hakuniambia, amelia peke yake wiki mbili. Jana ameniita kunirithisha cherehani yake kabla hajapofuka. Leo asubuhi daktari amempima, jicho ni zima kabisa. Nikarudi, nikafunga mapazia, nikakaa alipokaa yeye." Sauti ikamkatika kidogo. "Kifaa ni kibovu, sivyo? Niambie ni kibovu, mpenzi."

Neno lilikuwa tayari, amewekewa mdomoni. Lilibaki kulitamka tu. Fundi akatia mkono mfukoni, akakitoa kile kidude.

"Kifaa ni kizima. Hiki nilikiacha makusudi. Nilitaka uniite tena."

Mfamasia alikitazama.

"Mimi nikimpunguzia mgonjwa dozi ili arudi dukani kwangu," akauliza taratibu, "utaniitaje?"

Fundi alizima swichi kuu, akapanda ngazi akimulika kwa tochi, akakifunga kile kidude, akarudisha umeme. Akaiwasha taa, akaizima. Giza likaingia chumba kizima.

"Mungu mkubwa," mama akasema, akafuta machozi.

"Nisamehe, Mama. Nimekutesa."

"Umenitesa kweli. Na cherehani nimeshaigawa, hairudi." Akavuta pumzi. "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Mwenye kesi ni huyo hapo mlangoni."

Lakini mlangoni hapakuwa na mtu.

Mwezi ukapita. Fundi alituma ujumbe mmoja, "Sina la kujitetea," akanyamaza, kwa sababu kubembeleza kungekuwa ujanja mwingine. Alimkumbuka sana, hata chai ilimshinda. Kazini akawa kichekesho: akimaliza kufunga taa, mchana kweupe, anafunga mapazia yote na kumketisha mwenye nyumba gizani, athibitishe mwenyewe kwamba taa imezimika.

Alikuwa juu ya ngazi simu ilipolia.

"Kuna mama kaja kununua dawa ya mafua," ile sauti ikasema bila salamu, "ananisimulia fundi kichaa aliyemfungia gizani. Nikakujua."

"Samahani."

"Siku ile nilikuwekea neno mdomoni. Ungesema kibovu, ningekuamini hadi leo. Nimekuwa nikiliwaza hilo."

"Kuna taa imeharibika?"

"Hakuna."

"Ya chumbani kwa Mama?"

"Inazimika vizuri. Zote zinazimika, zote zinapungua. Nimezikagua moja moja kabla ya kukupigia, usije ukapata kisingizio."

"Sasa unaniitia nini?"

"Nakuita wewe," akasema. "Mfuko wa vifaa uache huko huko."