Tai wa Afisa kwenye Kofia ya Askari

Jua lilikuwa linazama, siku ya Alhamisi, Hashil bin Saif alipotoka dukani kwake kwenda kununua mkaa.

Alikwenda mwenyewe kwa kuwa hakuwa na wa kumtuma. Watumishi hawakudumu kwa Hashil. Aliwaita majina ambayo hata punda wa maji asingeyavumilia, nao walisubiri amalize sala ya alasiri wakaondoka zao kimyakimya. Mkaa wenyewe ulikuwa wa chetezo. Nyumbani kwake, kama katika nyumba nyingi za Waarabu wa mjini, kila Alhamisi jioni nguo za sala ya Ijumaa zilifukizwa udi, kanzu na vilemba na kila kitu, mpaka harufu iingie kwenye nyuzi. Hashil alijivunia sana jambo hilo. Alisema ndilo linalomtenga mtu na mnyama.

Alivuka mchanga wa mtaa wa Msimbazi akiwa ameshika kanzu yake juu isiguse chini, akafika sokoni Kariakoo. Banda lile la chuma lililojengwa na Mjerumani kwa sherehe ya mfalme wake, Mwingereza akaligeuza kambi ya wapagazi wake wa vita, sasa lilikuwa linauza mchicha. Hashil kila akilipita alicheka puani. Wafalme wote wale, na mwisho wake mchicha.

Hata hivyo mali ya wafalme hao aliipenda. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake ya ajabu. Chumba cha nyuma cha duka kilikuwa na ubao uliofunikwa kitambaa cha kijani, na juu yake Hashil alikuwa amebandika alama za kofia za jeshi la Mjerumani. Palikuwa na tai wa bati jepesi waliotoka kwenye tarbushi za askari weusi. Palikuwa na tai wa shaba nzito waliotoka kwenye kofia ngumu za Wazungu, zile zenye mwiba utosini. Palikuwa na vile vifungo vya duara vya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Vitu hivyo alivinunua kwa askari wa zamani, wazee waliokuwa bado wanatembea kifua mbele utadhani vita walishinda wao, na kwa vijana wa ngoma ya beni waliovaa makofia yale na kupeana vyeo vya kizungu barabarani. Aliwadharau wauzaji wote. Alikuwa akiwalinganisha tai wake kwa lenzi ya fundi saa, manyoya kwa manyoya, kucha kwa kucha, huyu kashika fimbo, huyu kakunja mabawa. Kitu kimoja kilikuwa sawa kwa wote. Vichwa vyao viligeukia upande mmoja, kushoto kwa mwenye kuwatazama. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mtu usoni.

Muuza mkaa aliitwa Kijakazi. Alikuwa kizee, mjane wa askari mmoja wa Mjerumani aliyeitwa Mrisho, na kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa soko, kuelekea bondeni.

"Mkaa," alisema Hashil.

"Karibu, mwanangu. Shikamoo zimekwisha dukani kwako?"

"Nimekuja kununua mkaa. Sikuja kusalimia watu."

Kijakazi hakuudhika, au kama aliudhika hakuonyesha. Aliinama akaanza kuchagua vipande. Hashil aligeuza uso vumbi lisimwingie, na ndipo alipoiona.

Ilining'inia kwenye msumari, juu kabisa, mbali na kila kitu. Tarbushi ya askari, nyekundu iliyopauka, na nusu ya kitambaa chake cha kaki bado imeshikilia. Mbele yake alikaa tai. Hashil alisogea mpaka akasahau kanzu yake, ikagusa mkaa.

Hakuwa tai wa askari. Alikuwa wa shaba nzito, wa kofia ya Mzungu tena Mzungu mkubwa, na mtu alimtoboa na kumshona kwa uzi kwenye kofia isiyo yake. Kwenye ubao wa Hashil hapakuwa na mchanganyiko wa namna ile.

"Kofia ya nani?"

"Ya marehemu Mrisho."

"Huyu tai si wake."

"Najua si wake." Kizee alikuwa ameshusha sauti. "Mrisho alikosa gwaride siku moja. Bwana mkubwa wao akamng'oa tai mbele ya kambi nzima, akamtemea mate. Baadaye yule bwana akashikwa na homa, porini huko Rufiji, na wa kumlinda ni Mrisho. Akafia mikononi mwake. Basi Mrisho naye akang'oa tai wa yule bwana... Alidhani anachukua shaba tu."

"Na kumbe alichukua nini?"

Kijakazi aliitazama kofia namna mtu anavyomtazama mgonjwa aliyelala, asije akamwamsha.

Hashil akacheka. Pepo! Kila kitu kwa watu hawa ni pepo. Mbu akiwauma, pepo. Aliweka mkono mfukoni, tayari kubishana bei mpaka kizee alie.

"Sitaki kitu," alisema Kijakazi. "Ichukue. Lakini iache ilivyo. Usiifukize. Usiivae. Ina mwenyewe."

"Na mkaa?"

"Chukua na mkaa."

Mjinga mkubwa, aliwaza Hashil akiondoka na kofia kwapani. Nyuma yake alisikia ufagio. Kizee alikuwa anafagia mlangoni pake, pale alipokanyaga yeye, na giza limekwisha kuingia, saa ambayo watu wa pwani hawafagii. Hata hilo alilicheka.

Nyumbani, mkewe Azza alikuwa amekwisha kukunja kanzu. Aliiona kofia, akaambiwa ilikotoka, akarudi nyuma.

"Inanuka," alisema.

Ilinuka kweli. Sufu iliyolowa, mafuta ya viatu, na chini ya hayo harufu nyingine, ya pumzi ya mtu aliyeugua muda mrefu na dirisha limefungwa. Hashil hakuweza kuchunguza kitu kinachonuka. Ndivyo alivyolelewa. Kitu kikinuka, kinafukizwa, na mambo yanakwisha.

"Iweke juu ya chetezo."

"Kofia ya maiti, Hashil? Usiku wa Ijumaa?"

"Unaogopa shaba? Leta hapa."

Aliweka makaa ya Kijakazi, akatia udi, akaishika kofia juu ya moto, mdomo wake ukielekea moshini, kama alivyozoea kufanya kwa kofia zake mwenyewe za viua.

Moshi uliingia.

Haukutoka.

Alingoja. Udi ulikuwa unaungua, makaa yalikuwa mekundu, moshi ulipanda mzito na wa kutosha, ukaingia kwenye ile kofia ukawa kama unanyonywa. Hakuna hata uzi mmoja uliotoka pembeni. Azza alianza kusoma aya kwa sauti ya chini. Hashil akamwambia anyamaze, anamchanganya. Halafu akaichukua taa na kofia akaenda chumba cha nyuma, mbele ya kioo, kwa sababu mtu hawezi kujua tai anakaaje mpaka amwone juu ya kichwa.

Akaivaa.

Ilimkaa. Ilimkaa vizuri kuliko kofia yoyote aliyowahi kushonewa.

Harufu ya udi ikakatika ghafla. Badala yake, dawa ya viatu. Tumbaku. Kisha nje, kwenye mchanga laini wa Kariakoo ambamo hata gari la ng'ombe halisikiki, alisikia viatu. Vya chuma. Vinagonga kama juu ya mawe.

Ko. Ko. Ko.

Vikasimama.

"Simama vizuri," sauti ilinong'ona.

Alidhani ni Azza. Lakini Azza alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa mkono. Hashil alihisi visigino vyake vinakutana. Alikuwa amevaa makubadhi ya ngozi, na makubadhi yakalia kama chuma.

Aliivua akaitupa chini. Uzito haukutoka kichwani. Ulibaki palepale, umebana paji la uso, na mkono ukipapasa haukukuta kitu. Akainua taa ili akae, atulie, awatazame tai wake kama alivyofanya kila jioni.

Vichwa vyote vilikuwa vimegeuka.

Walikuwa wanamtazama yeye.

Hofu ilimshika Hashil mara hiyo, hofu ya kweli. Alitaka kuita jina la Mungu, na sauti ndani ya kichwa ikamtangulia. Ilisema Kiswahili cha kambini, kikavu, cha mtu aliyejifunza lugha kwa ajili ya kutoa amri tu. "Hii ndiyo nyumba? Sukari na nzi. Na wewe ndiye bwana wake? Mchafu wewe."

Tangu hapo haikunyamaza. Akipima mchele, ilimdhihaki mikono. Akila, ilimwambia anakula kama mbwa. Hashil aliyekuwa akijiona yuko juu ya soko zima alitazamwa usiku na mchana na jicho ambalo halikuona tofauti yoyote kati yake na muuza mkaa. Kila magharibi miguu ilimpeleka penye banda la soko, akasimama wima mchangani, akikagua wapita njia. Vijana wa beni walimpigia saluti wakiangua kicheko.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Lililomvunja ni sala. Siku ya kwanza alisimama msikitini, akasoma, na safu nzima ilipoinama yeye alibaki amesimama. Shingo ilikataa. Alijaribu nyumbani, mlango umefungwa, Azza akimsukuma kichwa kwa mikono miwili mpaka wote wawili wakatoka jasho. Paji la uso halikufika chini. Halikukaribia.

Azza alilia. Kisha akafuta machozi, akafunga nguo zake kwenye shuka.

"Sina maneno mengi," alisema. "Nyumba isiyosujudu siishi. Nenda kwa bibi Kijakazi leo, kabla Ijumaa haijaingia. Nami nakufuata nyuma. Ukipona, tunarudi pamoja. Usipopona, kutoka huko naenda kwa kaka yangu Magomeni, na talaka yangu ataifuata yeye."

Basi jua likizama Hashil alivuka tena mchanga, na kofia mkononi. Hakukumbuka kuinua kanzu. Azza alimfuata ndani ya buibui lake, amekumbatia furushi.

Kijakazi alikuwa amekaa mbele ya kibanda. Uso wake ulikuwa umejaa kidogo, kama wa mtu aliyeanza kupata usingizi.

"Mkaa?" aliuliza.

"Uliniloga."

"Nilikukataza. Tena kwa maneno mepesi."

"Ulijua sitasikia!"

"Hilo nililijua," alisema kizee.

Hashil aliitupa kofia miguuni pake. Watu wa mchicha waligeuka kutazama. Kijakazi hakuigusa. Alimwashiria Azza aketi, Azza akakataa, akabaki amesimama na furushi lake.

"Nikuambie kitu," Kijakazi alinong'ona, na Hashil ilibidi asogee ili asikie. "Miaka yote yule bwana alikaa kwenye ule msumari. Kila jioni alinijaribu. Ananijia kichwani, ananikuta nimeinamia mkaa, nimemwinamia mnunuzi, nimeinamia jiko... anachukia, anatoka. Yule hakai kwenye kichwa kinachoinama. Hawezi. Ananinyima usingizi tu. Alikuwa anataka kichwa cha aina yake."

"Mtoe."

"Kumtoa ni rahisi, mwanangu. Hakuna ng'ombe wala mbuzi. Inama hapo mbele yangu, watu wakuone, unipe shikamoo yangu uliyoninyima. Neno moja. Likitoka, na yeye ametoka."

"Hilo tu?" alisema Azza, na sauti yake ilijaa matumaini. "Hashil, mume wangu. Hilo tu."

Hilo tu. Hashil alifungua mdomo. Soko lote lilikuwa linamtazama, hata wale vijana wa beni. Aliitazama miguu ya kizee, imepasuka visigino, nyeusi kwa makaa. Alihisi shingo yake imelegea kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na ule uzito ukasogea, ukangoja.

Kwa huyu? Mbele ya watu hawa?

Aliisikia vizuri. Ilikuwa sauti kavu, yenye dharau. Akasubiri lile tamko la kambini, zile amri, yale matusi. Hayakuwapo. Maneno yalikuwa yake, kwa lafudhi ya mama yake, na dharau ileile alikuwa ameitoa mahali hapohapo juma lililopita kabla ya kuigusa kofia yoyote.

Akafunga mdomo.

Shingo ilirudi ikakaza. Visigino vikakutana.

Azza alingoja mpaka mwadhini akamaliza. Kisha akapandisha furushi kichwani, akainama mbele ya Kijakazi, akasema "Shikamoo, bibi," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," akashika njia ya Magomeni bila kugeuka.

Kijakazi alimsubiri Hashil kidogo, kwa adabu. Halafu akachukua ufagio.