Namba Nyekundu Mlangoni

Kavetsa aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Voi hadi saa saba, jua likamfukuza. Alirudi nyumbani na beseni kichwani, akiwaza maji baridi na kivuli.

Nyumba yao ni chumba kimoja katika landhi za zamani, safu ndefu za vyumba ng'ambo ya reli. Paa linavuja. Choo ni kimoja kwa familia nane. Hata hivyo, mumewe Chrispine alizaliwa hapo, na binti yao Branice pia. Hawakuwa na kwingine.

Siku hiyo alipofika mlangoni, nusura beseni limwanguke. Mlango ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: C14.

Rangi ile aliijua. Miaka mitatu iliyopita, kibanda chake cha samaki kando ya barabara kilichorwa alama nyekundu. Siku ya tatu, tingatinga likaja. Aliokoa meza moja tu, tena yenye miguu mitatu.

"Sasa wamefuata nyumba," alijisemea.

Mtu mwingine angeuliza jirani. Kavetsa hakuuliza. Alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akasugua mlango mpaka vidole vikamuwasha. Namba ikatoka. Basi akajiona mjanja kweli.

Jioni Chrispine alirudi kutoka shamba la mkonge. Aliposikia, alishika kichwa.

"Umefuta rangi ya serikali? Watakufunga, Mama Branice!"

Hofu moja ikawa mbili. Kwa siku tatu Kavetsa hakula vizuri. Kila gari liliponguruma, alichungulia dirishani.

Siku ya nne alikuja Mbula, fundi cherehani wa chumba jirani. Mbula pia ni katibu wa kamati ya wakaazi. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Mama Branice, namba yenu iko wapi?"

"Namba gani?"

"Mama Branice!"

Kavetsa aliinamisha kichwa. "Nilifuta. Niliogopa watabomoa."

"Woi! Ile si ya kubomoa. Hapa kunapangwa nyumba za bei nafuu. Ile namba ni ya kuhesabu sisi tunaoishi hapa. Kila namba ni familia moja. Walio kwa orodha ndio watapewa nafasi kwanza."

"Na sisi?"

"Karani alipita jana mkiwa kazini. Aliona mlango hauna namba, akaandika hakuna mtu."

Kavetsa aliketi kizingitini.

"Kwa hivyo nimejifukuza mwenyewe?"

"Bado," Mbula alisema. "Orodha haijafungwa. Jumamosi ni siku ya wakaazi, uwanja wa kanisa. Itabandikwa ukutani, kila mtu aisome. Aliyerukwa anasimama na kusema. Beba kitambulisho, na majirani wawili wakushuhudie. Jioni hiyo inafungwa."

"Nisimame mbele ya chifu niseme nimefuta namba? Nikifungwa je?"

"Hakuna mtu anafungwa kwa kuogopa. Mimi nitakuwa shahidi wako. Lakini siku ya mkutano wa kwanza ulikuwa wapi?"

"Nilidhani mikutano ni ya wakubwa."

"Mikutano ni ya wanaoishi hapa, dada yangu."

Jumamosi uwanja ulijaa. Kulikuwa na chai na mandazi, lakini Kavetsa alivipita. Alisoma orodha ukutani kwa kidole. C13, Mbula. C14, hakuna mtu. Macho yakamjaa machozi.

"Kuna mwenye malalamiko?" aliuliza afisa wa nyumba, mama mmoja mwenye miwani.

Kavetsa alitazama lango la uwanja. Angeweza kutoroka. Akamfikiria Branice akifungasha vitabu kwenye gunia. Akasimama.

"Mimi ni Kavetsa, wa C14. Niliogopa nikafuta namba. Lakini tunaishi pale."

Mtu mmoja alicheka. Kisha kule nyuma mzee Mwanzia, jirani wa safu yao, akainuka polepole.

"Mimi yangu nilifunika na kalenda," alisema.

Mama mwingine akainua mkono. Na mwingine. Familia kumi na moja zilikuwa zimeficha namba zao! Afisa aliandika malalamiko ya kila mmoja. Alimsomea Kavetsa fomu yake kabla ya kutia sahihi. Mbula na Mwanzia wakashuhudia, na jina lake likaingia kwenye orodha.

Ndipo safu ya C ikaombwa kuchagua mwakilishi wa kukaa kwenye kamati. Wakamtaja Kavetsa. Alikataa, lakini wakapiga makofi mpaka akakubali. Hofu ilikuwa bado imemkaba, lakini swali moja lilimkaba zaidi.

"Mkianza kujenga," alimuuliza afisa, "sisi tutalala wapi?"

Afisa alivua miwani. "Jibu hilo sina leo."

"Basi liandike swali. Na uandike tarehe ya kutuletea jibu."

Afisa aliandika. Baada ya wiki mbili alirudi uwanjani na barua yenye mhuri. Mbula aliisoma kwa sauti. Ujenzi utaanza kwenye kiwanja kitupu. Hakuna familia itakayohama kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya.

Kavetsa aliomba barua isomwe mara ya pili. Kisha akalia mbele ya watu wote, bila kujificha.