Pumzi za Tarumbeta

Maiti ilikuwa imeketi kwenye kiti cha kuegemea, barakoa ya plastiki bado usoni, na mtungi wa oksijeni kando yake ukiendelea kuvuma.

"Siku hizi hata hewa inauzwa, afande," alinong'ona konstebo.

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamama wa maneno machache, na macho yake yalikwisha kutua kwenye magoti ya marehemu. Yalifunikwa kwa sweta ya kike, ya zambarau.

Mji mzima ulimwita marehemu Tarumbeta. Alipuliza chombo hicho harusini na mazikoni mpaka mapafu yakamsaliti. Kila wiki mkewe alimleta kwenye kituo hiki, ambako wanariadha na watu waliochoka na kazi walikuja kuvuta oksijeni ili warudishe nguvu.

"Ulimfungulia kiasi gani?" Inspekta alimuuliza binti mhudumu.

"Kidogo kabisa, afande. Daktari wake alituonya, mimi na mkewe. Alisema mwili wa mzee umezoea hewa haba. Akipewa nyingi atalala, asahau kupumua."

"Kifungulio cha mtungi kimefunguliwa hadi mwisho."

"Si mimi! Nilimwacha anatania, nikaenda chumba cha pili kwa mteja mwingine."

"Na sweta?"

"Hakuwa nayo."

Mjane alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, macho makavu.

"Pole sana, mama. Uliingia mle chumbani?"

"Sikuingia, mwanangu. Nilikuwa hapa hapa."

Kesho yake daktari wa uchunguzi wa maiti alitoa majibu: hakuna jeraha, hakuna sumu. Mtaalamu wa alama za vidole naye akaja na yake. Kwenye kifungulio, juu ya alama za mhudumu, palikuwa na alama za mjane.

Inspekta alimwita mjane kituo cha polisi. Akaitandaza sweta mezani.

"Ya nani hii, mama?"

"Yangu."

"Jana ulisema hukuingia."

Mjane aliipapasa mikono ya sweta, akainyoosha mikunjo.

"Alikuwa anasikia baridi," akasema hatimaye.

"Ukamfunika."

"Nikamfunika."

"Kabla ya kugusa kifungulio, au baada?"

Konstebo aliacha kuandika.

"Baada."

Inspekta alivuta kiti karibu. Alishawahi kuona mambo ya namna hii, na moyo wake ukataka kumfungulia mama huyu mlango wa huruma.

"Alikuwa anateseka. Pengine alikuomba mwenyewe?"

"Usinitie maneno kinywani, mwanangu. Hakuniomba. Angeniomba, ningekataa."

"Basi kwa nini?"

"Nilichoka." Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Miaka yote hii namlaza kwa kumkalisha. Namwosha. Kifua chake kinakwaruza kama msumeno, nikisinzia tu ananiita. Watoto wanapiga simu: 'Mama, jikaze.' Nimejikaza mpaka nimeisha. Jana niliingia kumchungulia. Akanishika mkono, akasema hewa hii imemkubali kweli kweli, sasa ataishi mpaka anizike. Alikuwa anatania, si unajua wapiga muziki? Akacheka. Akafumba macho. Na mimi nilisikia nimefungwa kifungo cha maisha."

"Ukageuza."

"Nikageuza. Kisha nikaona vidole vyake vya baridi, nikavua sweta."

Machozi yalimtoka sasa, wala hakuyafuta.

"Wanangu watasema nilimpumzisha baba yao. Majirani watasema hivyo hivyo, wanifariji. Wewe usiandike hivyo, tafadhali. Yeye alitaka kuishi. Aliyetaka kupumzika ni mimi."

Inspekta aliandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Kisha akatoka kwenda kuchapisha maelezo yale.

Aliporudi ili mjane atie saini, alimkuta amelaza kichwa mezani, usingizi umemchukua mzima mzima, mdomo wazi. Konstebo alinyoosha mkono amwamshe.

Inspekta akamzuia kwa ishara. Wakakaa kumngoja.