Mvuke wa Mlimani

Resiato alikuwa na miaka saba na mapengo mawili ya meno. Darasani, alikaa kwenye dawati la dirishani.

Jumatatu asubuhi upepo uliingia. Fyuuu!
Uliingia na harufu. Harufu ya yai viza!

"Puuu! Nani amejamba?" akapiga kelele Lemayian, jirani yake wa dawati.
Darasa zima likamgeukia Resiato.
"Si mimi!" akasema Resiato.

Jumanne Resiato hakula maharagwe.
Fyuuu!
"Puuu! Nani amejamba?"
"Si mimi!"

Jumatano hakula hata kabichi. Alikula ugali mtupu.
Fyuuu!
"Puuu! Nani amejamba?"
"Si mimi! Si mimi!"

Lemayian akabeba daftari zake, akahama dawati.
Mwalimu Songok akaziba pua. "Resiato, kaa kule mlangoni."
Resiato alilia kidogo. Kisha akalia sana.

Nyumbani alimwambia bibi yake, Koko.
"Koko, wanasema ninajamba."
"Kwani hujambi?"
"Kidogo tu. Lakini ushuzi ule si wangu!"

Koko akacheka. Akaonyesha mlima kwa mdomo.
"Harufu inatoka kule. Wanachimba stima."
"Stima inachimbwa kama viazi?"

"Zamani ilitoka mtoni," akasema Koko. "Maji yalizungusha mashine. Pwaa, pwaa! Halafu mvua ikagoma, mto ukakauka. Taa zikazimika, pwi!"

"Wakaleta mashine za mafuta," akaendelea Koko. "Dudududu! Moshi mweusi tii! Mbuzi wangu walikohoa kama wazee."

"Na sasa?"
"Sasa wametoboa ardhi. Chini kuna joto kali. Mvuke unapanda, unazungusha mashine. Fyuuu!"
"Mbona unanuka hivyo?"
"Hata ardhi ina tumbo, mjukuu wangu."

Alhamisi Resiato hakukaa mlangoni. Alisimama mbele ya darasa.
"Ni mvuke wa mlimani! Twendeni tukanuse!"
Mwalimu Songok akakuna kipara. "Haya. Twendeni."

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Wakafika kwenye ua wa waya.
Ndani ya ua, mabomba makubwa yalikuwa yakinguruma. FYUUU!
"Puuuuu!" Darasa zima likaziba pua.

Mama mmoja mwenye kofia ngumu akawajia. Aliitwa Fundi Nyaboke.
"Mvuke huu huja na gesi," akasema. "Gesi hiyo inanuka kama yai viza. Lakini mvuke ndio unaowasha taa zenu."

Mwalimu Songok akainama, uso kwa uso na Resiato.
"Nisamehe, Resiato. Nilikukosea."
"Nimekusamehe, Mwalimu."

Mara, pruuut!
Wote wakamtazama Lemayian.
"Ni mvuke!" akasema Lemayian.
"Mvuke hautoki ndani ya kaptura," akasema Fundi Nyaboke.

Wakacheka, wakacheka, mpaka Lemayian mwenyewe akacheka.
"Pole, Resiato," akasema. "Naweza kurudi kwenye dawati letu?"
Resiato akafikiri. "Rudi. Lakini dirishani utakaa wewe."

Jioni Resiato alimsimulia Koko kila kitu. Koko akacheka mpaka akashika mbavu.
Akafungulia redio. Akacheza katikati ya chumba, shanga zikilia chaka, chaka, chaka.

Resiato alicheza naye mpaka akachoka. Akalala papo hapo, kiatu kimoja mguuni.
Koko akamfunika shuka, akapunguza sauti ya redio, akaendelea kucheza.