Bastola Isiyooshwa

Jemu ya tufaha ndiyo iliyotangulia kunuka. Marlene Stauffer alifungua chupa aliyoijaza kwa mikono yake mwenyewe msimu wa mavuno, akapaka mkate, akauma kidogo, akatemea kiganjani.

"Verlin, hebu nusa hii. Kuna kitu kimefia humu."

Mumewe akanusa. Ilinukia tufaha na mdalasini, basi. "Jemu haina neno, mama. Labda pua yako ndiyo imechacha."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi nyama ya nguruwe na kabichi chachu zikamshinda, na Jumapili hata maji ya bomba hayakupita. Kila alichotia mdomoni alisema kina ladha ya mzoga, tena kinateleza. Wiki ya tatu, mwanamke aliyezoea kubeba gunia la viazi kutoka ghalani bila kusaidiwa alikuwa akishika ukuta kwenda chooni. Daktari alipima kila kinachopimika, hakuona kitu, akamwambia ajilazimishe kula.

Lakini Verlin alijua, na hapo ndipo anaponitia kichefuchefu huyu bwana. Harufu anayoililia mkewe naye aliisikia, ila mahali pamoja tu: kwenye droo ya kabati la sebuleni, alimoweka bastola.

Alikuwa nazo mbili, zote za maafisa wa Kijerumani wa vita ya kwanza ya dunia, na ukizitazama kwa mbali utadhani pacha. Moja ilikuwa ya kulengea shabaha. Imeungwaungwa kwa vipande vya bastola nne, ikapakwa rangi upya. Aliinunua dola mia nane na asingelia ikipasuka. Ya pili aliipata kwenye maonyesho ya silaha, ukumbi wa zimamoto, mezani kwa mtu aitwaye Clete Rauch. Hiyo ilikuwa ya kuweka. Kila kipande kina namba ileile hadi kwenye magazini ya risasi, na rangi ni ya kiwandani. Clete alitaka elfu tatu na mia mbili.

"Elfu tatu? Au unaniuzia na farasi wa afisa?" Verlin aliuliza.

"Tazama mpini," Clete akamnong'oneza.

Kwenye michirizi ya mbao kulikuwa na uchafu mweusi mithili ya lami, na ndani ya uchafu, unywele mmoja.

"Babu yangu aliichukua kwa afisa aliyelala maiti siku nne handakini, mwezi wa Agosti. Mkono ulikuwa umegandia, ikabidi aubandue. Barua yake hii hapa, kaandika mwenyewe. Sasa sikiliza, ndugu yangu. Usiisugue, usitie hata mate. Siku utakayoiosha umebaki na bastola ya dola mia nane."

Wapenzi wa bastola za kale ndivyo walivyo. Wananawa mikono kabla ya kuishika, ila yenyewe haiogi. Mtu mzima na akili zake akalipia ngozi ya maiti, akaenda kuilaza kabati moja na sahani za harusi. Mfyuu!

Mkewe alipoanza kukonda, Verlin alifungua droo adhuhuri moja akakuta ule uchafu umelowa. Ulikuwa umetiririka hadi kwenye kitambaa na kukibandika kwenye ubao, na harufu sasa ilikuwa imeenea nyumba nzima. Badala ya kuitupa, akabadilisha kitambaa. Kesho yake akabadilisha tena, na siku ya tatu, akiwa ameinama, akasikia humo ndani kitu kikitafuna polepole, kikameza, kikalamba, kama mzee asiye na meno anayemaliza uji, na kila kilipomeza, Marlene aliyekuwa chumbani alifurukuta akitapika mahali ambapo hapakuwa na cha kutapika.

Ndipo akamwita Bibi Saloma Reinert, ajuza wa kule mlimani anayewaombea wagonjwa wala hapokei malipo. Saloma akaushika uso wa Marlene kwa mikono miwili, akasema maneno yake mara tatu chini kwa chini.

"Kuna mtu anakula kupitia kwako, binti yangu. Alikufa akaozea mahali, hakuoshwa, na sehemu yake imo ndani ya nyumba hii." Akamgeukia Verlin. "Ni nini?"

"Bastola," Verlin akajibu, macho chini.

"Niletee kwangu kabla jua halijazama. Haioshwi chini ya paa la mgonjwa. Maji ya moto na sabuni ya majivu, mpaka mbao iwe nyeupe. Mpaka sasa yuko nje ya mwili wake anabisha hodi. Ukichelewa ataingia."

"Baba, fanya haraka," Marlene akasema. Sauti ilikuwa haifiki hata mlangoni. "Nataka kula tu. Hata kipande cha mkate."

Verlin akaenda kwenye droo. Bastola mbili zikamtazama. Akawaza kwamba kizee cha miaka tisini hakiwezi kuzitofautisha, na kwamba ugonjwa wa Marlene huenda ni wasiwasi tu, akiambiwa imeoshwa atapona. Akachukua ile ya shabaha.

Kule mlimani Saloma aliiosha mara tatu, akabadili maji mara tatu, kisha akayatazama yale maji ya mwisho kwenye beseni.

"Maji haya ni masafi mno, Verlin."

"Haikuwa chafu sana, bibi."

"Ni yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Niapie kwa roho ya mkeo."

"Naapa," akasema.

Alipofungua mlango wa nyumba yake jua lilikuwa bado linawaka madirishani, na hewa ilikuwa safi, safi kabisa kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita, hata akacheka peke yake kwa furaha, akiona amewaweza wote, kisha kutoka sebuleni akasikia kutafuna, akadhani mkewe kapata hamu ya kula, akapita jikoni ambako mkate haukuguswa, akasukuma mlango, akamkuta Marlene amekaa sakafuni mbele ya droo iliyo wazi, amekumbatia bastola kwa mikono yote, ulimi wake ukipita kwenye kila mchirizi wa mpini, taratibu, bila kuacha kitu, na mbao ilikuwa nyeupe pe.

"Marlene," akanong'ona. "Mama. Iweke chini."

Akageuka. Mashavu yalikuwa yamejaa, macho maangavu, mzima kuliko siku aliyoolewa. Akajifuta mdomo kwa upande wa kiganja, akamtabasamia.

"Nimeshiba, mume wangu," akasema, na harufu yote ya nyumba ile ikatoka kinywani mwake.