Mafiga ya Kambi ya Kigwa

Shemeji yangu Anton hapendi nisimulie habari hii, ndiyo maana naisimulia vizuri. Mimi sikuwepo. Ningekuwepo, lile gari lisingezima hata mara moja, maana injini na mimi tunaelewana kuliko yeye na mkewe. Aliyekuwepo ni dada yangu Benedikta, na dada yangu hana tabia ya kutunga.

Likizo ile Anton alikodi gari-nyumba kwa mzee Laxmidas, muuza vipuri wa Tabora mjini. Lilikuwa lori kuukuu lenye nyumba ya mbao mgongoni, vitanda vya kukunja, jiko la mafuta ya taa na pazia la maua. Kabla ya uhuru wapima ardhi wa Kizungu walikuwa wakilala humo porini. Wenzake wa reli wanakwenda likizo kwa treni. Yeye akataka kuingia Singida na nyumba yake. Mtaa mzima tulitoka kumtazama akipiga honi. Koleta, wa miaka sita, alikaa dirishani kama bibi harusi. Mdogo wake Ngollo alikuwa mgongoni kwa mama.

Hata Tabora haijapotea machoni, gari likachemsha. Wakatia maji, likachemsha tena. Kisha pancha. Kisha likagoma kuwaka kabisa, na dada yangu, aliyeahidiwa likizo ya kukaa na kula, akasukuma lori na mtoto mgongoni, huku bwana mkubwa ameshika usukani akimwambia asukume kwa akili. Asubuhi yote iliishia hapo. Benedikta alikuwa na hasira hadi masikio yanamwasha.

Walipoipita stesheni ya Kigwa kidogo, saa nane mchana ikawakuta. Ilikuwa ile miaka ya uhaba wa mafuta: Jumapili kama ile, ikishafika saa nane, gari la binafsi barabarani ni kesi. Anton akaingiza lori kando, kwenye uwazi katikati ya miombo. Palikuwa na mteremko na breki ya mkono haishiki. Akatafuta mawe. Akayaona matatu chini ya mti, meusi kwa masizi ya zamani, yametazamana.

Dada yangu aliyatambua. Babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara ya pembe, na kwetu jambo hili linajulikana: mafiga ya kambini hayang'olewi. Unapika, unaondoka, unamwachia anayekuja nyuma.

"Baba Koleta, hayo yana wenyewe."

"Wenyewe wamekufa kabla reli haijafika. Wakiyataka waje wayadai."

Akayang'oa yote, akayasukumia chini ya magurudumu.

Jua lilikuwa kali, jeupe. Benedikta aliingia ndani kupika uji. Kiberiti kikawaka, jiko likakataa. Akawasha tena. Moto ulikuwa unapulizwa, unazimwa, na kitu kilicho karibu sana na mkono wake.

Puu. Kitu kikatua juu ya paa.

"Tumbili," Anton akasema.

Puu. Puu. Vumbi likadondoka kwenye sufuria. Kikombe kikateleza mezani. Gari lilikuwa linadidimia, taratibu, kama linapakiwa. Anton akatoka, akapanda kwenye tairi, akachungulia. Paa lilikuwa tupu. Springi zilikuwa zimelala kabisa.

Alirudi ndani, akakaa. Hakusema tena tumbili.

"Mama," Koleta akanong'ona, "wamechoka."

"Nani?"

"Wanauliza watapikia wapi."

Benedikta alimgeukia mumewe. "Rudisha yale mawe."

"Gari litaondoka, mama Koleta. Laxmidas atanitoa roho."

Wakabishana kwa sauti ya chini, kama watu walio na wageni sebuleni. Walipotazama tena, mlango ulikuwa wazi na Koleta hayupo.

Alikuwa anatembea msituni, juani, mgongo umepinda. Mkono wa kulia ameuinua begani, umeshika kitu kirefu kisichoonekana. Hatua zake zilikuwa nzito, za mtu mzima. Mbele yake majani yalikuwa yanalala. Nyuma yake pia. Msururu mrefu wa majani yanayolala, na mtoto katikati.

Dada yangu akaita. Koleta hakugeuka.

Akakimbia, Ngollo mgongoni. Mtoto anatembea, mama anakimbia, na umbali haupungui.

Ndipo Benedikta akasimama. Akarudi mbio garini.

"Mama Koleta, usiyaguse."

"Acha liende."

Akavuta la kwanza. Lilikuwa la moto. Akavuta la pili, ngozi ya kiganja ikabaki. La tatu. Lori likaguna, likashuka lenyewe, likajibamiza kwenye mninga, na ile nyumba ya mbao ikapasuka katikati. Anton alishika kichwa. Benedikta hakulitazama hata mara moja. Alibeba mawe kwa kanga, akayapanga pale pale chini ya mti, yakitazamana.

Majani yakainuka, moja moja.

Koleta alikuwa amesimama peke yake, anatazama kiganja chake.

"Wamenipokea mzigo," akasema. Akaanza kulia.

Walirudi Kigwa kwa miguu, jua bado lipo, wakapanda treni ya kurudi nyumbani. Laxmidas aliambiwa ni breki. Shemeji bado anamwambia kila mtu ni breki.

Mwaka uliofuata Koleta alianza shule. Fundi Kuluthumu alimpima sare barazani kwake, akafika begani. Akaondoa futi. Akapapasa. Pale palikuwa na sugu, nene, ya manjano, ngumu kama kisigino cha mkulima.

"Mama Koleta," akauliza polepole, "huyu mtoto mnambebesha nini?"

Hawambebeshi kitu. Hata ndoo dada yangu hamruhusu kushika. Lakini sare yake imeshatiwa kiraka mara kadhaa, na kila mara inachanika bega la kulia tu.